TWIGA WA MALINDI NA SAFARI YETU YA MWAKA

Mimi si mgeni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa chama hiki hiki, nikikalia dawati la nyuma katika lile darasa la pembeni ambalo paa lake huvuja kila masika. Nimeshika kalamu leo kwa sababu ya habari niliyopashwa na mdogo wangu aliye kidato cha pili. Ati kamati mpya imependekeza safari yetu ya mwaka ya kutembelea makumbusho na magofu ifutwe, na badala yake wanachama wapelekwe hoteli moja ya ufuoni, waogelee, wale kuku na chipsi, kisha warudi. Sababu iliyotolewa ni kwamba makumbusho ni mambo ya wazee, na kwamba Gede ni mawe matupu na tumbili.

Napinga jambo hilo kwa nguvu zangu zote. Lakini kabla hamjaniita mzee kabla ya wakati, heri nikiri dhambi yangu mwenyewe. Nilipokuwa kidato cha tatu pendekezo kama hilo lilitolewa, na mkono wa kwanza kuinuka kuliunga mkono ulikuwa wangu. Tulishinda kura, tukaenda ufuoni. Ninachokumbuka katika safari ile ni kwamba nilipoteza kiatu kimoja cha shule na nikachapwa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne bila kuingia Gede hata siku moja, ilhali ni mwendo usiozidi saa moja kwa basi kutoka lango letu.

Aibu ya jambo hilo nilikuja kuilipa mbali sana na hapa. Mungu alinijalia nafasi ya kwenda kusomea uhandisi wa maji katika jiji la Nanjing, mashariki ya China, kando ya mto Yangtze. Nilikaa huko miaka miwili na ushei. Mwezi wangu wa pili, mwanafunzi mwenzangu, mwenyeji wa jiji hilo, alinichukua Jumamosi moja kunipeleka kwenye kaburi la mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming, huko kwenye mlima unaoitwa Mlima wa Zambarau. Ujenzi wake ulianza mwaka 1381. Kabla ya kulifikia kaburi lenyewe unapita njia ndefu yenye wanyama wa mawe kushoto na kulia, aina sita, kila aina jozi mbili, jozi moja imesimama na nyingine imepiga magoti. Kuna simba, ngamia, ndovu na farasi. Na kuna mnyama mmoja wa ajabu asiyepatikana katika mbuga yoyote, wanamwita qilin. Huyo ni mnyama wa hadithi, na Wachina wa zamani waliamini kwamba hujitokeza pale tu panapokuwa na mfalme mwadilifu.

Basi mwenzangu akaniuliza, bila kejeli, "Si nyinyi watu wa Malindi ndio mliotuletea qilin?"

Nikacheka. Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe alikuwa anazungumzia twiga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea twiga mfalme Yongle wa China, na watu wa baraza lake walipomtazama yule mnyama mwenye shingo ya ajabu wakasema huyu ndiye qilin. Mwaka mmoja kabla ya hapo twiga mwingine alikuwa amefika kutoka Bengal, ambaye wataalamu wengi wanaamini naye alikuwa ametolewa Afrika, na huyo alichorwa picha ambayo nakala zake zipo hadi leo. Hata Wajapani mpaka sasa wakitaka kusema twiga wanasema kirin, neno lile lile. Yote haya aliyajua kijana wa miaka ishirini na moja ambaye hajawahi kuiona Bahari ya Hindi. Mimi niliyezaliwa nikiisikia bahari hiyo usiku nikilala, sikujua hata chembe.

Kijasho chembamba kilinitoka, wallahi. Nikamdanganya kwamba tulifundishwa nikasahau.

Ukweli ni kwamba kila mwanafunzi wa pwani hii anajua mwaka 1498. Ukimwamsha usiku wa manane ukamuuliza Vasco da Gama alifika Malindi lini, atakujibu akiwa amefumba macho. Nguzo yake tumeizunguka na kuipiga picha. Lakini 1415 ni mwaka gani? Kimya. Na wale waliokuja mwanzo walikuja na vyombo vingi zaidi ajabu. Zheng He, kiongozi wa misafara hiyo, alizaliwa mwaka 1371 katika jamaa ya Waislamu huko Yunnan, akaongoza misafara saba kati ya 1405 na 1433. Msafara wa kwanza ulikuwa na merikebu zaidi ya 200 na watu zaidi ya 27,000. Nyingi za merikebu zake kubwa ziliundwa hapo hapo Nanjing, ambayo ilikuwa makao makuu ya China hadi mwaka 1421.

Karakana yenyewe ipo bado, karibu na mto, na siku hizi ni bustani ya watu kutembelea. Utaona mabwawa marefu yaliyonyooka mithili ya mfereji, na maji yametulia ndani yake. Humo ndimo walimoziundia merikebu. Mwaka 1957 walichimbua hapo mti wa usukani wenye urefu wa zaidi ya mita 11. Hebu fikiria, mti wa usukani peke yake unashinda urefu wa darasa letu! Wataalamu bado wanabishana merikebu zenyewe zilikuwa na urefu gani, maana vitabu vya kale vinataja urefu ambao mafundi wengi wa leo hawaukubali. Mimi niliupima ule ubishi kwa macho yangu nikiwa nimesimama ukingoni mwa bwawa moja, nikaona haidhuru. Kwa vyovyote vile zilikuwa kubwa.

Kaburi la Zheng He liko kusini ya jiji, kwenye mlima wa Niushou. Wengi husema hakuna mwili ndani, maana yasemekana alifariki katika safari yake ya mwisho. Unalipanda kwa ngazi 28 zilizogawanywa mafungu manne ya ngazi saba saba, kwa kumbukumbu ya safari zake saba. Limetengenezwa upya mwaka 1985, na juu yake pameandikwa kwa Kiarabu takbira ambayo wengi wetu tunaisikia kila alfajiri. Nilikaa pale karibu saa nzima. Hapakuwa na mtu ila mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani.

Sasa nawajia wale wanaosema kwamba kwenda China ni kwenda kununua bidhaa. Niliporudi, swali la kwanza la mjomba wangu lilikuwa, "Umeleta simu ngapi?" La pili, "Redio za gari huko ni bei gani?" Simlaumu. Yeye ni mfanyabiashara, ameenda Guangzhou mara nne na Yiwu mara moja, na kwa biashara hiyo amesomesha watoto wake na kunilipia mimi karo ya muhula mzima. Lakini nilipomwuliza ameona nini huko, alifikiri, akasema, "Ghala." Mara tano amevuka bahari, akaona ghala! Tembea uone, walisema wahenga, ila wengine wetu hutembea na orodha ya bei mkononi wala hatuinui kichwa.

Kama ningekuwa na uwezo ningempeleka mjomba Nanjing, na ningempeleka si kwa wiki moja. Ningemkalisha mwaka. Sababu ni kwamba jiji lile hubadilika. Sisi majira yetu twayajua kwa upepo na mvua, kaskazi na kusi, masika na vuli, na miti yetu ni ya kijani Januari hadi Desemba. Kule mti huo huo ulioupita asubuhi ukienda darasani unakuwa mti mwingine kila baada ya miezi mitatu.

Nilifika mwezi wa tisa. Baada ya wiki chache jiji zima likaanza kunukia. Nilidhani ni manukato ya watu, kumbe kuna mti wenye maua madogo ya manjano, hata huyaoni vizuri, lakini harufu yake ilinikumbusha asumini za jioni kule kwa shangazi yangu Lamu. Mwezi wa kumi na moja majani yakaanza kugeuka. Miti ya ginkgo ikawa ya manjano kama embe bivu, na kwenye mlima wa Qixia, penye hekalu la kale la Wabudha, majani yakawa mekundu mlima mzima, na watu wakawa wanapanda huko kwa maelfu kwa ajili ya kutazama majani tu. Hapa kwetu ukimwambia mtu twende tukatazame majani atakupeleka kwa daktari.

Kipupwe cha kule hakina mchezo. Wenyeji wa kaskazini ya China hupashwa moto majumbani kwa mabomba ya jiji zima, lakini Nanjing iko kusini ya mpaka uliowekwa wa huduma hiyo, basi unakuta ndani ya nyumba kuna baridi kama nje. Nililala na soksi mbili na koti. Theluji ilipoanguka mara ya kwanza nilitoka nje bila kofia kama mwendawazimu, nikashikwa na homa siku tatu. Lakini mwishoni mwa Februari, baridi ikiwa bado inauma, miti ya plamu kwenye kilima kimoja cha Mlima wa Zambarau ikachanua maua mekundu na meupe, matawi yakiwa hayana hata jani moja. Wachina wanaliheshimu ua hilo kwa sababu halisubiri joto. Niliwaona akina bibi wazee wameshikana mikono, wamesimama mbele ya mti mmoja, hawasemi kitu.

Kiangazi sitakisifu. Kuanzia mwezi wa sita kuna mvua ya wiki kadhaa, nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu. Kisha linakuja joto, na ni joto kweli. Mombasa hatuna joto kama lile kwa sababu sisi tuna upepo wa bahari. Nanjing kwa muda mrefu imehesabiwa miongoni mwa "tanuri" za China, pamoja na Wuhan na Chongqing. Kinachookoa watu ni ile miti mirefu ya vivuli iliyopandwa kando ya barabara, matawi yake yamekutana juu kama paa. Ajabu ni kwamba miti hiyo hiyo ya kuokoa watu Julai ndiyo huwasumbua Aprili na Mei, inapomwaga manyoya yake hewani na kila mtu anapiga chafya.

Na ni katika siku za joto na za baridi kali ndipo nilipojua thamani ya makumbusho, maana ndani kuna ubaridi au ujoto wa kutosha, na makumbusho mengi ya umma kule hayatozi kiingilio tangu mwaka 2008. Kitu unachotakiwa ni kujiandikisha mapema na kuja na pasipoti yako. Makumbusho ya Nanjing yalianzishwa mwaka 1933, na vitu vilivyohifadhiwa humo ni zaidi ya 400,000. Kuna vazi la maiti lililotengenezwa kwa vipande zaidi ya 2,000 vya jiwe la jade vilivyoshonwa kwa nyuzi za fedha. Chini kuna mtaa mzima wa zamani ulioundwa upya, na maduka, stesheni ya gari la moshi na posta. Nilikwenda mara kumi na moja. Mara ya kwanza nilifuata feni, mara ya kumi na moja nilifuata elimu.

Lakini mahali ambapo ningependa kuwapeleka nyinyi wanafunzi si hapo. Ni Jiangnan Gongyuan, kando ya mto Qinhuai, penye hekalu la Confucius. Hapo palikuwa ukumbi wa mtihani wa serikali. Nasema ukumbi lakini ulikuwa mji. Ulipofikia ukubwa wake wote ulikuwa na vijumba zaidi ya 20,000, kila mtahiniwa na chake. Kijumba hakikutosha mtu kunyoosha miguu. Kulikuwa na mbao mbili, moja ya kukalia na moja ya kuandikia, na usiku ukiziweka pamoja ndio kitanda chako. Mtihani ulikuwa na awamu tatu, siku tisa kwa jumla. Mtu alikuja na chakula chake, wino wake na mshumaa wake, lango likafungwa. Wengine walijaribu mpaka wakawa na mvi. Mfumo huo ulivunjwa mwaka 1905.

Na wizi wa mtihani? Ulikuwapo, tena wa ufundi. Wameonyesha mavazi ya ndani yaliyoandikwa maandishi madogo madogo kama chungu, maelfu ya maneno. Niliposimama mbele ya kioo hicho nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama. Nikajiambia, kumbe mwakenya ni wa zamani hivi! Mwanafunzi yeyote anayesubiri mtihani wa kitaifa angejifunza hapo kwa nusu saa kuhusu hofu na tamaa kuliko katika hotuba kumi za gwarideni.

Kuna pia ukuta wa jiji, uliokuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 35, na kilomita kama 25 zingali zimesimama baada ya miaka mia sita. Matofali yake mengi yamepigwa majina, jina la fundi aliyelichoma na majina ya maofisa waliomsimamia. Tofali likivunjika, mwenyewe anajulikana. Naomba mtafakari kidogo ingekuwaje kama kila kipande cha lami cha barabara zetu kingeandikwa jina la mwanakandarasi. Haya, tuendelee.

Pana jumba moja nililoingia mara moja tu na sikurudi. Ni la kumbukumbu ya mauaji yaliyofanywa na jeshi la Japani lilipoingia Nanjing tarehe 13 Desemba 1937. China inahesabu waliouawa kuwa 300,000. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1985, na mifupa ya baadhi ya waliouawa imeachwa mahali ilipopatikana. Watu wanapita kimya. Tangu mwaka 2014 tarehe hiyo ni siku ya kumbukumbu ya taifa zima. Nilikuwa barabarani siku hiyo, saa nne asubuhi na dakika zake, ving'ora vikalia. Magari yalisimama yakapiga honi, wapita njia wakasimama wima. Muuza viazi vitamu alivua kofia. Sikuelewa maneno yote yaliyosemwa siku ile lakini nilielewa kwamba hawa ni watu ambao hawaiachii jana yao ijiendee.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, ndugu zangu wa kamati. Hamwezi kuniambia kwamba mambo ya kale ni ya wazee. Niliyekutana naye kwenye wanyama wa mawe alikuwa kijana, anapenda mpira na anasikiliza muziki wa kelele kama nyinyi. Tofauti ni kwamba shule yake ilimpeleka akaona, na yangu ilinipeleka kuogelea, tena kwa kura yangu mwenyewe.

Mwaweza kusema, "Wewe umeona China, sisi je?" Swali zuri. Niliporudi likizo nilifanya kitu nilichopaswa kufanya nikiwa na miaka kumi na saba. Nilipanda matatu nikaenda Gede. Mawe matupu? Kuna nyumba pale imepewa jina la sarafu za Kichina, kwa sababu zilipatikana ndani yake. Nyingine imepewa jina la bakuli la kaure. Alichimbua James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Nenda Mambrui uone nguzo ya kaburi iliyopambwa kwa vyombo vya Kichina. Kisiwani Manda, mwaka 2013 ilitangazwa kwamba imepatikana sarafu ya Yongle, mfalme yule yule wa twiga. Ingieni Fort Jesus mkazihesabu sahani za kaure mkichoka mniambie. Upande mmoja wa hadithi niliuona Nanjing kwa gharama kubwa na baridi ya mifupa. Upande wa pili mnao hapa, na mwauita tumbili.

Na hata majira, ambayo nimeyasifu sana, si mageni kwetu. Misafara ile ilitoka China wakati wa kipupwe ikifuata pepo za msimu, na kaskazi yetu ni mmoja wa ndugu za pepo hizo. Desemba ukisimama pale Mambrui ukahisi upepo unakupiga kutoka baharini, ndio huo.

Sisemi kuogelea ni dhambi. Gede hadi Watamu ni kilomita chache tu. Asubuhi magofu, adhuhuri chakula, alasiri bahari, na jioni tuko shuleni kabla ya kengele ya maandalio. Basi ni lile lile, dereva ni yule yule. Nimemwandikia Mwalimu mlezi kwamba nitalipia mafuta ya kwenda, chama kilipe ya kurudi, na kwamba niko tayari kuwatembeza nikiwa na picha zangu za wanyama wa mawe. Nimeambiwa kamati inakutana Ijumaa baada ya michezo. Nitakuja, nitakaa kwenye dawati langu la zamani kule nyuma, chini ya lile tundu la paa, na safari hii pia nitainua mkono.